Kabla ya kununua godasi ng'ambo, pima mguu nyumbani



Mwaka uliopita, nilipokuwa ninajitayarisha kupanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, wamama wenzangu wa kartie walinipa kazi moja ya heshima. Mnajua kwamba mwaka 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika kule Moroko, kwa kuifunga AS FAR 1-0. Tangu siku ile mabinti wetu hapa Lubumbashi hawataki tena kukaa pembeni ya uwanja wakiangalia kaka zao. Katika kartie yetu kumi na wanne waliunda timu. Wengine walicheza na viatu vya masomo, wengine miguu mitupu, na mmoja aliazima godasi za kaka yake akajaza karatasi mbele ya vidole.

Tulifanya likelemba ya miezi mitatu, tukapata dola 210. Wakaniambia: "Mama, wewe ndiye unajua Dar. Utununulie godasi."

Nilikwenda Kariakoo, nikazunguka Mtaa wa Kongo na mitaa ya karibu. Nilipatana bei mpaka sauti ikakauka. Jozi moja nyingine, nikapata zote kumi na nne kwa wastani wa dola 13. Nilitumia dola 182, nikarudi na 28 mkononi. Njia nzima, Tunduma mpaka Kasumbalesa, nilijiona mwanamke hodari.

Siku ya kugawa, mabinti walijaa uani kwangu. Watatu hawakuweza hata kuingiza kisigino. Wawili walipata godasi zenye meno ya chuma. Walipokimbia kwenye uwanja wetu mgumu, waliteleza kama wako juu ya vigae. Binti mmoja alijaribu kiatu mara mbili, kisha akafunga tena katoni taratibu, akasema: "Aksanti mama, haina shida." Neno lile liliniuma kuliko kama angelia.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Jozi tano hazikuvaliwa, kwa hiyo dola 182 zilivalisha watoto tisa tu. Kila jozi iliyovaliwa ilitugharimu dola 20 na zaidi, si 13. Bei niliyojivunia sokoni haikuwa bei ya kweli. Na ukinunua hapa Lubumbashi, kiatu kisipoingia unarudi kesho kwa muuzaji. Ukinunua ng'ambo ya mipaka miwili, utarudi kwa nani? Ndiyo sababu kazi ya kununua kwa bei nafuu huko nje inaanzia hapa nyumbani, siku chache kabla ya safari.

Usichukue namba, chukua kipimo

Kosa langu lilikuwa hili: niliandika namba ambazo mabinti waliniambia kwa mdomo. Huyu 36, huyu 38. Lakini 38 ya kampuni moja haina urefu sawa na 38 ya nyingine. Tena sisi tumezoea namba za Kifaransa. Ukifika Zambia au Tanzania utakutana mara nyingi na namba za Kiingereza, ambako 4 inakaribia 37 yetu. Na kuna mtego kwa viatu vya watoto: namba za Kiingereza zinapanda mpaka 13, kisha zinaanza tena na 1. Kwa hiyo kiatu cha namba 1 kinaweza kuwa kikubwa kuliko kile cha 13!

Sentimita hazidanganyi. Fanya hivi: mtoto asimame juu ya karatasi ngumu, amevaa soksi atakayochezea. Ifanyike jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo mchana. Chora mguu wote kwa kuzunguka, wa kushoto na wa kulia, maana mara nyingi mmoja unazidi mwingine. Pima kutoka kisigino mpaka kidole kirefu katika mguu ule mkubwa. Kisha kata karatasi ile, andika jina la mtoto na urefu, na uiweke katika mkoba wako wa safari.

Sokoni, angalia kitambulisho kidogo ndani ya ulimi wa kiatu. Kampuni nyingi zinaandika namba za nchi mbalimbali, na mara nyingi pia urefu wa mguu kwa sentimita au milimita. Kama hakuna, ingiza karatasi yako ndani ya kiatu. Ibaki nafasi ya nusu sentimita mpaka sentimita moja mbele. Usinunue kikubwa sana kwa kusema "atakua": mguu unaoteleza ndani ya kiatu unatoa malengelenge na unavunja kucha. Katika namba zetu za Kifaransa, hatua moja ni kama milimita saba. Basi ongeza hatua moja, si tatu.

Soma chini ya kiatu

Wamama wengi tunaangalia rangi. Geuza kiatu kwanza. Kwenye katoni au kwenye kitambulisho mara nyingi kuna herufi mbili. SG ni kwa majani mororo yenye maji, na meno yake huwa marefu, mara nyingi ya chuma. Hayo yanafaa viwanja vya Ulaya wakati wa mvua. FG ni kwa majani ya kawaida juu ya udongo imara. AG ni kwa majani ya plastiki. TF ina meno mengi mafupi ya mpira.

Watoto wetu wanacheza juu ya udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama saruji. Kwa uwanja kama huo TF ndiyo inafaa zaidi, kwa sababu uzito wa mtoto unagawanyika juu ya meno mengi na kisigino hakiumii. FG yenye meno mafupi ya plastiki inaweza kusaidia. SG iache sokoni, hata wakikupa kwa nusu bei.

Vya kuvaliwa si aibu

Godasi nzuri iliyovaliwa kidogo inaweza kudumu kuliko mpya ya bandia. Jueni tu majina: Tanzania na Kenya wanasema mitumba, Uganda mivumba, Rwanda caguwa. Zambia wanasema salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekua rundo. Kwa sisi wa Lubumbashi, soko la Chisokone kule Kitwe ni karibu kuliko Dar. Anayefika Dar aulize soko la Karume, Ilala. Anayefika Kampala aulize Owino.

Ukishika kiatu cha kuvaliwa, kikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanza. Kikikunjika katikati, soli imechoka. Vuta ncha ya soli uone kama gundi imeachia. Hesabu meno, tazama kama yameliwa upande mmoja. Soma namba za viatu vyote viwili, maana katika rundo wakati mwingine 37 inafungwa pamoja na 38. Nyumbani, osha kwa sabuni na kitambaa, kisha kausha kivulini. Jua kali linapasua ngozi na kuachisha gundi.

Na mama anayekwenda kuwaona watoto wake Ulaya? Ubelgiji bei za maduka zinashuka kwa msimu kuanzia tarehe 3 Januari na tarehe 1 Julai. Ufaransa inaanza Jumatano ya pili ya Januari, kisha Jumatano ya mwisho ya Juni. Maduka ya Decathlon yanauza viatu vya mpira vya chapa yao wenyewe, Kipsta, na huwa vya bei ya chini kuliko vya majina makubwa. Lakini karatasi za miguu zisikose mkobani.

Mpira, mayo na soksi

Mipira ina namba pia. Namba 5 ni ya wakubwa: mzunguko wake ni sentimita 68 mpaka 70. Namba 4 ni ya watoto wa miaka 8 mpaka 12 hivi, namba 3 ya wadogo zaidi. Mpira mkubwa kwa mtoto mdogo unaumiza mguu. Utoe hewa kabla ya kufunga mzigo, na usisahau pompi na sindano.

Kwa timu, msikimbilie mayo zenye jina la mchezaji maarufu. Chukueni mayo za rangi moja zisizo na maandishi, muandikishe namba hapa. Na kinga za ugoro msiziache: sheria za mpira zinamtaka kila mchezaji azivae, zifunikwe na soksi. Hazina bei kubwa, na zinaingia ndani ya godasi bila kuongeza nafasi katika mzigo.

Pesa ya wenzako

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukibeba pesa ya likelemba, andika jina la kila mtoto, kipimo, bei uliyolipa na salio. Omba risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, na upige picha ya kila jozi. Risiti ile itakusaidia pia pale duane: tangaza mzigo wako, onyesha bei ya kweli, na ukilipa, dai karatasi. Gharama ya duane na ya usafiri iingie katika hesabu kabla hamjaamua kwenda. Kwa jozi mbili au tatu tu, pengine soko la hapa litakuwa nafuu. Agiza kwa mama ambaye tayari ana safari yake.

Mimi nilisimama mbele ya kikundi, nikafungua daftari, nikaeleza kosa langu. Ilikuwa vigumu, lakini hakuna aliyenitukana. Zile jozi tatu ndogo tuliziuza kwa kartie ya jirani. Za chuma hazikupata mnunuzi. Tuliongeza zile dola 28 zilizobaki, na safari iliyofuata, Kitwe, nilikwenda na karatasi tano za miguu zilizofungwa kwa uzi. Muuzaji mmoja alicheka aliponiona ninaingiza karatasi ndani ya viatu vyake. Nilimwacha acheke.

Jozi zote tano ziliingia. Yule binti aliyefunga katoni alivaa zake palepale uani, akaondoka akikimbia, hata kusema aksanti alisahau. Hiyo ndiyo aksanti niliyoitaka.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama mwenye mtoto anayecheza alete karatasi ngumu na kalamu. Tutapima pamoja.