Pikipiki ya kuhimili matope haihitaji injini kubwa

MVUA ya masika inapoanza kumiminika Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mchuuzi wa maziwa huhesabu dakika. Maziwa ambayo hayajapozwa yanafaa kufika kituoni katika muda wa saa mbili au tatu baada ya kukamuliwa. Pikipiki ikikwama njiani, bakteria huzaana, maziwa hukataliwa na hasara humwangukia mchuuzi pamoja na mfugaji anayemdai.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kwa fundi wa jua kali wakitaka pikipiki "iongezwe nguvu". Lakini matope hayashindwi kwa mbio. Yanayohitajika ni mvuto, tairi linaloshika na mzigo uliotulia.

Mfano mzuri ni Yamaha AG100 na AG200, pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya mashamba na zilizotumiwa kwa miaka mingi na maafisa wa nyanjani barani Afrika. Injini zake ni ndogo. Hata hivyo, zina keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa isiingie matope, na stendi pande zote mbili. Mengi ya hayo yanaweza kuigwa kwenye pikipiki ya kawaida.

Anza na sproketi

Mabadiliko ya bei nafuu zaidi ni ya sproketi. Chukua pikipiki yenye meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka sproketi ya meno 14 mbele, mvuto huongezeka kwa takriban asilimia 7. Ukiacha ya mbele na kuweka ya meno 45 nyuma, utapata mvuto uleule, ila huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili. Kasi ya juu hupungua na injini huzunguka zaidi kwenye lami, kwa hivyo mafuta huisha haraka kwa anayesafiri mbali.

Kisha tairi. Lenye meno makubwa yaliyoachana hutema matope, ilhali la lami hujaa na kuteleza kama sabuni. Ubaya wake ni kwamba huisha upesi kwenye lami, na huko halishiki vizuri barabara ikilowa.

Keria isichomelewe ovyo

Kosa linalogharimu wengi ni kuchomelea keria moja kwa moja kwenye fremu. Moto hudhoofisha chuma kando ya kiungo, na mitikisiko hukipasua mzigo ukiwa juu. Afadhali keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyotengenezwa kiwandani. Bolti hukazwa zikilegea, nayo keria ikivunjika huondolewa na kurekebishwa.

Mikebe miwili ya lita 20 ikijaa maziwa huwa na zaidi ya kilo 40, kabla ya kuhesabu mikebe yenyewe. Ikining'inizwa pande zote mbili, chini na karibu na kiti, pikipiki hutulia. Ikirundikwa juu nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hukataa kutii, hasa kwenye mlima.

Kuongeza shokabu za ziada nako si dawa ya kila kitu. Shokabu hazibadilishi uzito ambao fremu, rimu na breki ziliundwa kuubeba. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kwa kawaida hujumuisha uzito wa mwendeshaji.

Kabla ya kulipa fundi, mwenye pikipiki anafaa pia kuuliza kampuni yake ya bima iwapo mabadiliko hayo yanakubalika, asije akanyimwa fidia baada ya ajali.

Baada ya hapo, kilichobaki ni utunzaji: kuosha cheni na kuitia oili kila baada ya matope, kusafisha kichujio cha hewa wakati wa vumbi, na kukaza bolti za keria. Kazi hiyo ya jioni huchukua muda mfupi kuliko kusukuma pikipiki alfajiri maziwa yakiganda.