Shule Yetu, Tumuulize Nani?

Choo cha shule ya msingi kikibomoka hapa Bombambili, wengi wetu tunamtaja Meya. Je, ni haki?

Meya wa Manispaa ya Songea ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Anaongoza baraza linalopitisha bajeti. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na Afisa Elimu yuko chini yake. Mitaala ni ya Wizara ya Elimu; nidhamu ya walimu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, fedha za ruzuku hutumwa na Serikali Kuu moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Mamlaka yakigawanyika hivi, ni rahisi kutupiana mpira. Kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pio XI mwaka 1931, yatuelekeza: ngazi ya juu isinyang'anye linalowezekana chini. Basi tuanzie kamati ya shule. Tuhudhurie mkutano, tuombe taarifa ya mapato na matumizi. Linalowashinda, diwani alipeleke barazani. Asiyeulizwa hajibu.