Kwa Nini Mtoto Mdogo Husadiki Kauli ya Mtu Mzima

Tabia ya mtoto mdogo ya kuyakubali anayoambiwa na mtu mzima bila kuyahakikisha huchukuliwa na wengi kuwa ni udhaifu wa akili changa, ilhali saikolojia ya makuzi, yaani elimu inayochunguza jinsi fikra za binadamu zinavyokua tangu utotoni, huihesabu kuwa miongoni mwa nyenzo kuu za kujifunza. Mengi ambayo mtoto hana budi kuyajua hayaonekani kwa macho wala hayafai kujaribiwa: vijidudu vya maradhi havionekani bila hadubini, umbo la dunia halitambuliki kwa kuitazama ardhi, na sumu ya muhogo mchungu haithibitishwi kwa kuula bila kuhatarisha uhai.

Nguvu ya tabia hiyo ilidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Vikram Jaswal wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenzake. Watoto wa miaka 3 walitafuta stika iliyofichwa, baada ya mtafiti kuwaelekeza mahali isipokuwapo, baadhi yao kwa kuwaambia na wengine kwa kupaweka alama ya mshale. Mwanzoni wote walipotea, lakini waliouona mshale waligundua upesi kwamba yafaa kutafuta upande wa pili, huku walioambiwa wakiendelea kudanganyika. Katika jaribio jingine, waliomsikia msemaji na kumwona walidanganyika zaidi kuliko waliomsikia tu, jambo linaloonyesha kwamba kinachosadikiwa si kila alitendalo mtu mzima, bali ni kauli yake, hasa anapoitamka mbele ya mtoto.

Hata hivyo, mtoto huanza mapema kuwapambanua wasemaji. Mwaka 2004, Melissa Koenig, Fabrice Clément na Paul Harris waliwakutanisha watoto wa miaka 3 na 4 na watu wawili, mmoja akivitaja vitu vya kawaida kwa usahihi na mwingine akivikosea. Vilipoletwa vitu vigeni, watoto waliomtambua mkosaji walielekea kuyapokea majina yaliyotolewa na yule msemakweli.

Kwa kuwa mtoto wa miaka 3 bado hana kinga ya kutosha dhidi ya uongo, jukumu la kuupima ukweli wa kauli ni la mwenye kuitoa, na mlezi amtishaye mtoto kwa zimwi ili alale huidhoofisha imani ileile atakayoihitaji kesho kumwonya kuhusu moto.