Ukisafiri, Paka Umemwachia Nani?



Karafuu zikishauzwa, watu husafiri. Huyu anakwenda Unguja kumtazama mkwewe, yule anavuka Dar es Salaam kwa matibabu, na wenye jamaa Maskati nao hawakosi safari. Kila mtu hufunga nyumba yake na ghala yake, humpa jirani funguo, humweleza khabari za mbuzi na kuku na mti wa mbele ya mlango. Paka hatajwi. Safari hii nimeona nimtaje mimi, katika ukurasa huu ambao kwa kawaida ni wa mambo ya kuanika na kupima, kwa kuwa jambo lenyewe limenifika na khasara yake nimeilipa.

Mwaka juzi nalimpeleka mama hospitali Unguja. Nalidhani tutakaa siku nne. Tukakaa kumi na saba. Nyumbani naliacha magunia sita ya karafuu kavu ambayo sikuwahi kuyafikisha kituoni, na paka mmoja jike wa rangi ya majivu. Asubuhi ya kuondoka nalipita barazani nikawaambia waliokuwa wakinywa kahawa, "Jamani, mniangalilie paka wangu." Wote wakaitikia, "Inshallah, usiwe na wasiwasi." Nikenda zangu Mkoani bandarini, moyo umetulia.

Niliporudi, mama alhamdulillahi alikuwa amepata nafuu, lakini watoto walimwulizia paka kabla ya kuuliza zawadi, na jawabu sikuwa nalo. Jirani wa kushoto alidhani anamlisha wa kulia. Wa kulia alimwona mara mbili kwa muuza samaki, akadhani ameshiba. Wa tatu alikuwa akimtupia kichwa cha samaki kila alipokumbuka, naye alikumbuka siku za mwanzo tu. Baada ya siku nane au tisa hakuna tena aliyemwona, wala mpaka leo hakurudi. Ghalani nalikuta magunia mawili yametobolewa pembeni, karafuu zimemwagika sakafuni zimechanganyika na mavi ya panya na nyuzi za gunia. Nalipepeta na kuchagua siku mbili nzima, na hata hivyo mpimaji akazitia daraja ya chini, nami sikuwa na uso wa kumbishia.

Mtu ataniambia panya hali karafuu. Kweli, haili kama alavyo mpunga. Lakini meno yake ya mbele humea siku zote za uhai wake, hana budi kuyasaga kwa kutafuna, na nyuzi za gunia ndizo tandiko la watoto wake. Tena mkojo wake huleta maradhi. Mtakumbuka ile homa ya mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022. Huo ni ugonjwa unaobebwa na wanyama, na panya ni katika wabebaji wake wakubwa. Kwa hivyo paka wa mkulima si pambo la nyumba. Ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara, ila chakula chake.

Hapo ndipo penye fikra mbili ambazo nazisikia kila mahali, na zote mbili zina madhara.

Fikra ya kwanza ni kuwa paka akiwa na njaa ndipo huwinda. Mimi mwenyewe nalilelewa kwa maneno hayo. Mambo yalivyo ni kinyume. Paka huwinda kwa tabia yake, ameshiba au hakushiba. Kila mwenye paka amekwisha mwona akimchezea panya bila ya kumla. Njaa haimfanyi awinde zaidi pale ghalani kwako, bali humwondosha hapo akafuate panapoliwa: sokoni, pwani wanapopasuliwa samaki, au jikoni kwa watu wengine. Paka anayejua kuwa bakuli lake hujazwa nyumbani jioni, jioni huwa nyumbani, na usiku ndio wakati panya wanapotoka.

Fikra ya pili ni kumfungia ndani ya ghala ili alinde. Haya wanaofanya ni wengi kuliko wanaokiri. Ghala imeezekwa bati, madirisha yamekazwa kwa sababu ya wezi, maji hamna, na jua la mchana linawaka juu. Sote tuliopita chuoni tumesikia khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alipomfunga asimlishe wala asimwachie atoke ajitafutie. Mimi si mufti, na hukumu nawaachia wenye elimu. Nasema tu kwamba khabari ile haikutaja mtu aliyempiga paka wala aliyemchinja. Ilimtaja aliyefunga mlango na kuondoka.

Basi mtu afanye nini? Kwanza, amkabidhi paka kwa mtu mmoja, kwa jina lake, uso kwa uso. Jambo la watu wanne halina mwenyewe. Mtu huyo si lazima awe mkubwa. Nimeona mtoto wa miaka kumi na moja akifanya kazi hiyo vizuri kuliko baba yake, maadamu mama yake anajua na anamkumbusha. Bora awe yule ambaye paka amekwisha mzoea, na ambaye hata bila ya paka hupita mlangoni kwako kila siku. Aje siku mbili kabla ya safari, alishe mbele yako, aone bakuli liko wapi na paka hulala wapi. Umwachie fedha za kitoweo, wala usione haya; usimfanye jirani atoe dagaa wa watoto wake kumlisha mnyama wako, kisha ukirudi umlaumu. Na umwachie namba ya simu ya bwana mifugo wa wilaya pamoja na ruhusa ya kumwita. Wengi huogopa kuita kwa kuwa hawajui nani atalipa.

Pili, paka abaki kwake. Mbuzi ukimhamisha hufuata majani, lakini paka hushika mahali kuliko anavyoshika watu, na ukimpeleka nyumba nyingine atatafuta njia ya kurudi, akapotea baina ya nyumba mbili. Ikiwa hapana njia ila kumhamisha, akae ndani ya chumba kimoja muda wa wiki mbili, pamoja na kitambaa au mkeka wenye harufu ya kwao, alishwe humo na apewe mchanga wa kujisaidia, ndipo afunguliwe, tena kabla ya chakula ili njaa imrudishe. Wanaohamia kambini wakati wa kuchuma na kumchukua paka, shauri ni hilo hilo. Na njiani atiwe ndani ya tenga la kuku lililofungwa vizuri. Kuna aliyemtia katika pakacha, akafika shamba na pakacha tupu na mikwaruzo mikononi.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Paka ni mla nyama. Wali peke yake au muhogo peke yake hujaza tumbo lakini haumlishi. Samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, konzi moja asubuhi na konzi moja jioni, na wali kidogo wa kuchanganyia, humtosha paka wa kawaida. Samaki mbichi kila siku si vizuri, kwani baadhi ya samaki, wakiwa wabichi, wana kitu kinachoharibu vitamini ya B1 mwilini mwake, na moto hukiondoa. Papa mkavu na ng'onda ni chumvi tupu. Warowekwe, maji yamwagwe, ndipo wachemshwe. Mchuzi wenye vitunguu asipewe, maana vitunguu, maji na thomu pia, huharibu damu yake. Maziwa si lazima, na paka wengi wakubwa huwaharisha. Maji safi ndiyo lazima, kila siku, kwenye mabakuli mawili, moja likimwagika lipo jingine. Na paka asiyekula kabisa siku mbili au tatu si wa kungojwa. Mafuta ya mwili wake hujaa katika ini, ini likashindwa kazi, na walio wanene ndio wa kukhofiwa zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo linatuhusu sisi kuliko watu wa mahali pengine popote. Mwanachama mmoja, jina nalihifadhi, alisafiri akamwachia paka mpwa wake. Kijana alifanya kila kitu vyema. Kisha akaona paka ana viroboto, akakumbuka kuwa mafuta ya karafuu hufukuza wadudu, akachukua kichupa akampaka mgongo mzima. Alikuwa anamfanyia hisani. Paka akajilamba, kama walivyo paka wote; akaanza kutokwa na udenda, akayumba kama mlevi, siku ya tatu akafa. Mwenyewe aliporudi alitaka kumgombeza kijana, lakini kijana alimwuliza, "Ami, uliniambia nisimpake?" Hakuwa amemwambia. Hakuna anayemwambia mtu jambo hilo, kwa sababu kwetu mafuta ya karafuu ni dawa ya jino, ya baridi, ya mbu na ya kila kitu.

Sababu yake ni hii. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kiitwacho yujinoli, ndicho kinachoipa karafuu harufu na ukali wake na kuutia ganzi ufizi wetu. Ini la mtu hukichukua kitu hicho, hukiambatisha na kitu kingine, kikatoka kwa mkojo. Ini la paka lina uwezo mdogo sana wa kazi hiyo, ndivyo alivyoumbwa, kwa hivyo kinachotoka kwetu kwake hubaki na kumdhuru. Harufu ya karafuu ghalani haijamdhuru paka yeyote niliyemjua. Khatari ni mafuta yaliyokamuliwa, ambayo ni nguvu ya karafuu nyingi katika tone dogo. Akiwa amekwisha pakwa, aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, avishwe kitambaa asijilambe, asitapishwe, na apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa sababu kama hiyo panadoli haifai kwa paka hata kipande. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua. Dawa za kupe zilizotengenezwa kwa mbwa au ng'ombe nazo zikae mbali, maana nyingine zina kitu kiitwacho pamethrini, ambacho mbwa hukistahimili na paka hakistahimili. Na sumu ya panya, jamani. Mtu anasafiri, anaona atie nguvu mbili ghalani, paka na sumu pamoja. Zilizo nyingi huzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo, hutembea siku kadha amelegea, na panya aliyelegea ndiye anayekamatwa kwanza. Paka akimla naye hupata sumu ile. Ukimwona ufizi umekuwa mweupe na amekuwa hoi, usingoje kesho. Bwana mifugo ana vitamini ya K ya kumtibu, nayo hufaa ikiwahi. Chagua moja: paka au sumu. Mimi nachagua paka na mtego.

Jambo jingine dogo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina lake huwafanya watu wadhani ni ya mbwa tu, na paka pia hupata. Achanjwe kabla ya safari, kwa kuwa atakayemlisha ni mtoto wa mtu mwingine. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali, awe paka amechanjwa au hakuchanjwa. Na mwenye paka jike amwambie mlezi ukweli: mimba ya paka ni wiki tisa hivi, na safari ya miezi miwili hutosha kumkabidhi mtu paka mmoja na kumdai sita.

Nalipata paka mwingine mwaka jana, dume, mwenye sikio moja lililopasuka. Nilipokwenda tena Unguja na mama, nalimwachia mtoto wa jirani wa kulia, naye alinipigia simu kila jioni kunieleza kala nini, mpaka nikamwomba apunguze. Magunia nimeyakuta mazima.

La mwisho ni la chama. Ghala yetu ina paka wawili, na ofisi itafungwa siku nne za sikukuu, wala mlinzi wetu hatakuwapo, amekwisha omba ruhusa ya kwenda kwao Micheweni. Katika mkutano uliopita nalitaja jambo hili na wanachama tisa wakanyosha mikono pamoja wakasema watawatazama. Nawashukuru wote tisa. Namtaka mmoja. Aje ofisini kabla ya Alkhamisi, nimpe ufunguo, fedha za samaki, na nimwoneshe bakuli liko wapi.

Katibu