Raba ya mwaka jana au ya mwaka huu? Hesabu tuliyoipiga Darsait

Mwaka 2024 mdogo wake mwenzetu mmoja alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Moshi, dakika tatu nzima. Mbili na nusu zilikuwa salamu na habari za nyumbani. Shida yenyewe ikaja mwishoni: "Kaka, mwakani nakimbia Kili, ile ya kilomita 21. Nitafutie Pegasus 41. Siyo 40, kaka. 41." Wenye wadogo nyumbani mnaujua ujumbe wa namna hii. Unausikiliza mara mbili, halafu unaiweka simu chini kwanza.

Mwenzetu anakaa hapa Darsait, chumba kimoja na watu wengine watatu, na kazi yake ni ya ghalani, kusimama na kutembea juu ya zege kutwa. Raba zake mwenyewe zilikuwa zimeisha kisigino, jioni anafika nyumbani anachechemea. Kwa hiyo ilikuwa jozi mbili, mshahara mmoja, na ada ya mtoto ya Januari inasubiri palepale. Akasema yeye ataendelea na za zamani, ampe dogo hiyo 41. Tukamwambia subiri kwanza, twende dukani tukaone.

Kwa wasioifuata hii biashara: Pegasus ni raba ya Nike ya mazoezi ya kila siku, yenye sponji nene, na imekuwepo tangu 1983. Haikimbizi rekodi. Ni raba ya kazi, ndiyo maana wengi wetu tunaosimama kutwa, walinzi, wauguzi, wa jikoni na wa ghalani, tunaishia kwenye raba za aina hiyo hata kama hatujawahi kukimbia ila kuwahi basi. Karibu kila mwaka, au mwaka na nusu, namba hupanda. Ya 40 ilitoka 2023 kwa dola 130 kule Marekani. Ya 41 ikatoka 2024 kwa dola 140. Kwa kuwa rial imefungwa na dola, moja ni kama dola 2.6, hizo ni kama rial 50 na rial 54. Ukitazama bei hizo tu, tofauti ni rial nne, na utasema ongeza nne uchukue mpya.

Lakini hakuna anayenunua kwa bei hizo mbili siku moja. Mpya ikishaingia, ya zamani inatolewa kwenye rafu ya mbele na kusogezwa kule nyuma kwenye kikapu cha punguzo. Siku tuliyokwenda sisi, 41 ilikuwa rial 54 na 40 ilikuwa rial 29, na VAT ya asilimia 5 ndani yake. Rudia kusoma: jozi mbili za 40 ni rial 58. Jozi moja ya 41 ni 54.

Sasa, hizo rial 25 za ziada unanunua nini? Kilichobadilika zaidi ni sponji. Ya 40 ina sponji inayoitwa React, ya 41 ina ReactX, na Nike wenyewe wanasema mpya inarudisha nguvu asilimia 13 zaidi. Hapo pana mtego. Hiyo asilimia ni ya sponji ikipimwa, siyo ya mguu wako. Dogo hatakimbia haraka zaidi kwa asilimia 13. Ingekuwa hivyo Kili nzima ingebomoa rekodi kila mwaka. Vifuko vya hewa ni viwili katika zote mbili, kimoja mbele na kimoja kisigino. Kisigino kimepanda kuliko vidole kwa milimita 10 kwenye 40, na ni 10 vilevile kwenye 41. Ukubwa ni uleule.

Hatukutaka kuandika kwa kusoma boksi tu. Wawili wetu tunavaa namba 43, basi mmoja akachukua 40 na mwingine 41, tukazivaa wiki sita: kazini, kutoka Darsait hadi Ruwi jioni jua likishapungua, na Ijumaa asubuhi pale kona ya Mutrah kando ya bahari. Katikati tukabadilishana. Ukweli ni kwamba 41 ni laini zaidi. Unaisikia hasa ukiwa umesimama saa ya saba, ya nane. Kitambaa chake cha juu pia kinapitisha hewa vizuri, na kwa joto la huku si jambo dogo. Ila ukiishika mkononi haijawa nyepesi, na baada ya siku nne mguu umeshazoea ile uliyoivaa. Yule wa 41 aliporudishiwa 40 alinung'unika siku mbili, akanyamaza.

Kama una uzito mkubwa, au goti linakusumbua, au daktari amekuambia utafute kiatu laini, usisikilize habari zetu za kikapu cha nyuma. Jaribu zote mbili, na mpya ikikufaa zaidi, lipa. Siku mbili za kukaa kitandani bila malipo zinameza punguzo lote.

Na si kila namba mpya ni sponji tu. Mfano ni Ghost ya Brooks, raba ya kundi hilohilo. Ya 16 kisigino kilikuwa juu kwa milimita 12. Ya 17, iliyotoka 2025, wakashusha hadi 10, na bei ikapanda kutoka dola 140 hadi 150. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini misuli ya nyuma ya mguu inazijua. Aliyezoea 16 akaruka moja kwa moja hadi 17 na kukimbia mbali siku hiyohiyo anaweza kulala na maumivu. Hapo ya zamani haikuokolei pesa peke yake, inakuacha na kile mguu ulichozoea.

Kikapu cha nyuma nacho kina mambo yake. Namba zilizobaki ni 40 na 46, zile za katikati zimeshakwenda, na muuzaji atakwambia "itapanuka tu". Haipanuki. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi ya kazini. Hakikisha namba ya modeli kwenye lebo ya ndani ya kiatu ni sawa na ya kwenye boksi, zikitofautiana, rudisha. Tazama pale soli inapogundishwa pembeni, kwa sababu kiatu kilichokaa stoo ya joto gundi yake inachoka kabla hujakivaa. Na ukishanunua usikiache ndani ya gari Julai.

Mwenzetu mmoja akauliza, kwa nini asimtumie dogo pesa akanunue mtumba soko la Memorial palepale Moshi? Kwa kutembea, sawa. Kwa kilomita 21 tunasita. Kitambaa husafishwa kikang'aa, lakini sponji ikishalala imelala. Dogo akiamua kwenda huko, abonyeze soli kwa kidole gumba, atazame mikunjo ya pembeni, kisha aweke kiatu mezani aone kama kinaegemea upande. Kikiegemea, mwenye mguu wa kwanza ameshakula kilomita zote.

Mwisho mwenzetu alichukua jozi mbili za 40. Zingekuwa za 41 angelipa rial 108, alilipa 58. Hamsini zikabaki, yaani dola 130, kwa viwango vya wakati ule zaidi ya shilingi 300,000. Kabla hatujatoka dukani mkono ulishaanza kwenda kwenye saa za mkononi, tukamvuta. Hakuzituma siku hiyo pia, maana ada ya kutuma inakatwa uwe umetuma kidogo au kingi. Alingoja mshahara, akaziunganisha na mzigo wa mwezi, ujumbe mmoja, ada moja, na akamwandikia mkewe wazi kwamba hiyo hamsini ni ya shule, isiguswe.

Raba za dogo zilisafiri kwenye begi la jirani aliyekuwa anakwenda likizo, zimejazwa soksi na pakiti mbili za halwa ili zisibonyee. Kaka mtu alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitetea kuhusu ile namba. Dogo alipofungua mfuko akapiga simu: "Kaka, asante sana, zimenikaa. Hii si ndiyo ile 41?" Kaka akamwambia ukweli. Kimya kidogo, halafu: "Basi sawa. Ila kaka, hazikuwepo nyeusi?"