Blanketi ya Vipande

Butembo iko juu, kupita mita 1700, na usiku baridi haina mchezo. Tena blanketi mpya ni bei. Lakini chini ya mashini ya kila mshonaji kuna vipande vya vikwembe vinavyotupwa. Twende tuviombe.

Kwanza tuvifue, vyekundu peke yake: kikwembe kipya hupunguka kikifuliwa na rangi hutoka. Ikitokea kisha kushona, kazi yote imekufa.

Tupige pasi, tukate kwa kufuata kartoni ya sentimita 17 kila upande. Tukishona sentimita 1 ndani ya ukingo, kipande kinabaki 15. Mistari 12 ya vipande 8, ndiyo 96, inatoa mita 1,20 kwa 1,80: inatosha mtu mmoja. Tupange cheusi na cheupe kama ubao wa dama mbele ya kushika sindano.

Katikati tutie blanketi iliyotoboka, chini shuka la zamani. Pale pembe za vipande zinapokutana, tufunge fundo la uzi mgumu linalopita yote matatu. Kando tukunje, tushone.

Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza anayetetemeka usiku hatauliza kama rangi zinafanana.