Fidia ya Askari Aliyerudi Nyumbani: Je, Hutozwa Kodi?

Katika delta ya Rufiji, ambako mtu wa Maparoni hapiti mikokoni bila kupanda chombo, vita vya wakubwa si habari ngeni. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia humo baada ya kushambuliwa na meli za Waingereza. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo katika vita vile. Wengi hawakurudi makwao.

Leo wananchi wa nchi za Jumuiya ya Madola huweza kujiunga na jeshi la Uingereza, na anayeumia kazini hulipwa fidia. Tuchukue mfano, ndugu msomaji. Kijana wa delta amepoteza mguu vitani akiwa na jeshi hilo, naye amerejea kwa wazazi wake. Kila mwezi anapokea fedha kutoka ng'ambo. Jirani mmoja anamtisha kwamba serikali itaikata. Mwingine anamshauri aifiche. Wote wawili wanampotosha.

Kwanza, Uingereza haitozi kodi pensheni ya ulemavu wa vita, wala malipo ya kila mwezi ya mpango wa fidia unaohusu majeraha ya tangu tarehe 6 Aprili 2005. Lakini msamaha wa huko haufungi mikono ya nchi anakoishi mpokeaji. Mkaazi wa Tanzania, kwa kawaida, huhesabiwa mapato yake ya dunia nzima. Mgeni ambaye ukaazi wake nchini, maishani mwake mwote, haujazidi miaka miwili huhesabiwa mapato ya hapa tu. Lakini kijana wetu, aliyekulia Maparoni, hawezi kujificha nyuma ya kanuni hiyo.

Hata hivyo anayo kinga nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika Jedwali la Pili, imesamehe pensheni na kiinua mgongo kinachotolewa kwa ajili ya majeraha au ulemavu uliopatikana vitani, kikipokelewa na majeruhi mwenyewe.

Hapana budi maneno hayo yasomwe kwa makini. Yanataja vita, aliyevunjika mguu mazoezini asijihesabu amesamehewa kabla ya kuuliza. Yanataja jeraha, pensheni ya utumishi wa miaka mingi ni jambo jingine. Na fidia ikishanunua mashua ya kuvulia kamba, faida ya mashua hiyo ni mapato ya biashara kama ya mvuvi mwingine yeyote.

Basi familia na ifanye nini? Itunze barua ya jeshi inayoeleza sababu ya malipo, iweke hati za benki pahali pakavu, na iulize Mamlaka ya Mapato kwa maandishi, ikidai jibu kwa maandishi. Nauli ya chombo hadi bara ni ndogo kuliko hasara ya kusikiliza uvumi.

Mguu uliokatwa haurudi. Kilichotolewa badala yake kisipotee kwa sababu ya karatasi iliyoloa.